Gita Nje, Spika Ndani

Vijana wa dukani mmenitaka niandike, nami niliwaambia mkono huu umezoea bisibisi, kalamu hauijui. Shuleni nilifika darasa la nne nikatokea mlango wa nyuma. Chuoni kwa mwalimu wa Kurani nilikaa zaidi, lakini huko tulifunzwa kusoma, hatukufunzwa kuandika visa. Basi mkiona maneno yangu yameelekea Kipungani na safari ilikuwa ya Shela, ngojeni, yatarudi.

Meza yangu nimewaachia. Vidole vimeanza kutetemeka, na fundi anayetetemeka huunganisha waya asioutaka. Nililipwa nini na nani alinisifu, hayo hamtayaona hapa. Fundi wa redio hana cheo, ana kiti, na changu mnakijua kilivyobonyea. Ninachotaka kuwaeleza ni lile jambo mnalonichekea siku zote, kwamba mtu akileta redio mbovu mimi huanza kumhoji yeye, kama kadhi anayesikiliza talaka, na redio naiacha imefungwa. Nyinyi huanza na bisibisi. Si vibaya. Ila mimi kazi yangu ya kwanza niliifanya bila bisibisi na bila kukiona nilichokuwa nakitengeneza, siku ya arusi ya dada yangu Zainabu.

Nianze na duka. Uhuru ulikuwa bado mpya, bendera zake hazijapauka. Majumbani mwetu tulitumia taa za mafuta, na redio zilikula betri kama punda anavyokula maganda ya ndizi. Fundi wa redio alikuwa Bwana Faraji, Langoni, mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja. Asubuhi alitengeneza redio, alasiri alipiga fidla. Nyuma ya duka palikuwa na chumba, na humo ndimo bendi ya taarabu ya mtaa ilimofanya mazoezi: fidla yake, udi, dumbaki, na akodioni iliyokuwa na sauti mbili zisizotoka, mpigaji akifika hapo huziimba kwa mdomo. Mimi nilikwenda kwa ajili ya bendi. Nilikuwa na umri ule ambao ndevu hujadiliana kama zitoke au zingoje kidogo. Kila alasiri nilikaa kizingitini, na watu wakiniruka kupita, mpaka Bwana Faraji akaniambia ama niondoke, ama nishike kitu. Nikashika jiko.

Naam, jiko. Chuma cha kulehemu cha siku zile hakikuwa cha umeme. Kilikuwa kipande cha shaba chenye mpini wa mti, unakitia kwenye makaa kikaive. Kikiwa baridi, risasi ya kulehemia inaganda kama uji wa jana. Kikizidi moto, kinaunguza kila kitu. Bwana Faraji alinifundisha kukisogeza karibu na shavu ili nijue kimefika wapi. Msijaribu. Mimi nina alama hapa chini ya sikio, na mke wangu kwa miaka mingi alidhani ni ndui.

Basi siku moja akaingia Koplo Wafula, mtu wa bara, katika askari walioletwa huku wakati wa taabu za mashifta. Alibeba santuri ya betri ambayo mkanda wake ulikuwa umelegea, na kwapani sahani chache za nyimbo alizozifunga ndani ya shati la kazi. Bwana Faraji akakata mkanda mpya kwenye mpira wa gurudumu, akaufunga, na Koplo akachagua sahani moja ya kujaribia. Bendi yote ilikuwepo. Sindano ikashuka, na kilichotoka mle sijui nikieleze vipi. Palikuwa na ngoma, hiyo niliielewa. Palikuwa na mtu anaimba kama aliyekanyaga makaa, huyo pia nilimwelewa. Lakini palikuwa na kitu cha tatu, cha nyuzi, na nyuzi nazijua, udi ulikuwa mbele yangu. Hizi lakini zilikuwa zinavuta sauti, zinaikwaruza, zinaiacha inaning'inia hewani muda mrefu kuliko uzi wowote unavyoweza. Mpiga udi alishika udi wake kifuani kama mtu anayemziba mtoto masikio.

Koplo alituambia hiyo ndiyo roki, na kwamba Nairobi vijana wanaicheza mpaka soli zinabanduka. Mimi nikamuuliza Bwana Faraji kile cha tatu ni nini. Akafikiri, akavua miwani, akasema, "Sijui."

Nilikuwa sijamsikia mtu mzima akisema neno hilo na asikohoe baada yake. Akaongeza kwamba inasemekana ni gita linalopita kwenye umeme, lakini umeme unaingiaje kwenye uzi hajapata kuona, na siku likiletwa bovu tutalifungua tujue. Tangu siku hiyo nilikuwa mtu anayengoja gita liharibike. Koplo alikuwa mwema, alikuja na sahani zake mara kwa mara, na nyimbo zile nilizibeba nyumbani mdomoni, nikimwimbia Zainabu jikoni na kugonga kwenye sinia. Alikuwa ameposwa, hatoki nje, na mimi ndiye niliyekuwa redio yake.

Hapa nitoke njiani kidogo, maana bila hili hamtaelewa la mbele. Redio za wakati ule zilikuwa kama kabati, na mwenye nyumba hakupenda itolewe. Sasa mume yuko shambani Kililana, redio imenyamaza, na mke amebaki na mawifi zake. Fundi haingii. Fundi anakaa nje, kwenye daka, pale penye viti vya mawe mbele ya mlango, na mwanamke anakaa ndani nyuma ya mlango, na ugonjwa wa redio unaelezwa hivyo hivyo, kama mgonjwa aliyeko Kiwayu na tabibu aliyeko Lamu. Bwana Faraji alikuwa bingwa wa hilo. Haulizi imeharibika nini. Anauliza ilikuwa ikifanya nini kabla haijanyamaza, inanukaje, nani aliigusa mwisho na kwa nini anakataa. Palikuwa na bibi mmoja Mkomani ambaye redio yake ilisema asubuhi tu, ikifika adhuhuri inazima. Mumewe alikuwa ameleta mpaka kombe, maji yaliyooshea aya zilizoandikwa sahanini, la kuogesha redio. Bwana Faraji alimuuliza yule bibi akiwa dakani, na baada ya maswali mengi akamwambia betri zimezeeka, zikilala usiku zinapata nguvu kidogo, kama wazee. Bibi akajibu, "Hapo umenisimulia mume wangu," na nyuma yake tukasikia wanawake wanacheka chumba kizima. Mtu wa Kiwayu yeye redio yake ilianguka baharini. Hiyo tuliiosha kwa maji ya mvua, tukaianika, ikasema, ila mpaka leo, kama ipo, inasema kwa sauti ya mtu mwenye mafua.

Narudi. Miezi michache kabla ya arusi akaja Sudi, mwana wa shangazi yangu, Bi Khadija. Shangazi huyu ni dada mkubwa wa baba, na Sudi ndiye mwanawe wa pekee, alikuwa kazini melini. Akatoka bandarini amebeba kitu kirefu ndani ya foronya. Sikungoja anisalimu. Nikauliza ni nini, akavuta foronya, na pale pale barabarani nikaliona: gita jekundu kama tikiti lililopasuliwa, na halina tundu. Udi una tumbo, lina tundu la kutokea sauti. Hili lilikuwa ubao mtupu, bapa, na chini ya nyuzi vipande vya chuma viwili vimelala. Kumbe ni sumaku. Sudi akalipiga mbele ya watu waliokusanyika, likasema tik, tik, kama kuku anadonoa sahani. Watoto walicheka mpaka wakakaa chini.

Baba yangu alikuwa mchonga milango. Milango ya watu wengi hapa mjini imepita mikononi mwake, na mti alikuwa akiuelewa kwa kuugonga tu. Aliligonga gita kwa kifundo cha kidole, akaligeuza, akaligonga tena.

"Mti mzuri," akasema. "Mtu aliyeupaka rangi hii hakumcha Mungu. Lakini umeziba, mwanangu. Utalia na nini?"

Sudi akamweleza kwamba sauti inapitia waya mpaka kwenye mashine ya kuikuza, na Mombasa alilipigia kwenye mashine ya wenzake, yeye hana yake. Mashine tulikuwa nayo sisi. Ilikuwa dukani, ile waliyotembea nayo wanasiasa wakati wa kura, na kwa kuwa mji hauna magari, spika yake ya pembe ilifungwa juu ya punda; punda aliposikia hotuba akakimbia nayo mpaka ufukweni, na sera zote zikaingia majini. Iliachwa kwetu na hakuna aliyerudi kuiulizia. Inatumia betri ya gari. Sisi watoto wa mjini tulizijua betri za gari kabla ya kulijua gari lenyewe.

Zainabu aliposikia kwamba gita limeingia mjini, alimtuma mama kwa baba: siku ya wanawake, pamoja na vugo lao, anataka apigiwe na gita la Sudi. Vugo, kwa asiyejua, ni wanawake wanaogonga pembe za nyati kwa vijiti na kuimba arusini, na hapo mwanamume hana pahali. Baba akakataa. Hakukataa gita, alikataa Sudi. Bwana Faraji na wazee wenzake wangeweza kukaa nyuma ya pazia, wanajulikana, macho yenyewe hayaoni. Lakini kijana aliyetoka melini, na shati lile, akae hatua chache kutoka kwa mabinti wa watu? Watu wa upande wa bwana arusi watasema nini? Mama akarudi na jibu, na Zainabu hakulia wala nini, alisema tu kwamba basi naye hana haja ya vugo, waje wale biriani waende zao. Baba alijua maana ya arusi ya namna hiyo. Ingezungumzwa mpaka wajukuu.

Bi Khadija ndiye aliyelifungua fundo hilo. Alikuja nyumbani asubuhi na buibui lake begani, akamkuta baba anakunywa kahawa, na mimi nilikuwepo.

"Huo waya wa mwanangu," akaniuliza mimi, si baba, "una urefu gani?"

Nikasema unaweza kurefushwa.

"Basi gita na mdomo wake ni vitu viwili mbalimbali. Mwana akae nde na gita lake. Mdomo uletwe ndani kwetu."

Baba alikaa na kikombe mkononi. Alitafuta kosa humo, nilimwona akitafuta, na hakuliona. Akaweka sharti moja, kwamba sauti isitoke barabarani, maana msikiti uko karibu na waume wa mtaa hawakualikwa kusikiliza arusi ya wake zao. Kwa hiyo spika ikawekwe chumba cha ndani kabisa, igeuzwe iangalie ukuta wa ndani, na milango ifungwe kwa pazia za magodoro. Na ndiyo sababu gita halikupigwa kwa mashine hata siku moja kabla ya arusi. Dukani tulijaribu mashine kwa kunong'ona kwenye maikrofoni, na Bwana Faraji akasema inatosha.

Waya niliurefusha mimi. Vipande vya kila rangi, vingine vya simu, nikavilehemu kimoja kimoja kwa chuma changu cha makaa, Bwana Faraji akivivuta kimoja kimoja aone kama vitaachana. Kuta zetu mnazijua, mtu mzima akinyosha mkono haumalizi unene wake, na sauti ya ndani hufia ndani. Nilipomaliza ndipo ikaniingia akilini. Hii ndiyo siku niliyoingoja tangu ile sahani ya Koplo. Gita la umeme litalia Lamu, kwa waya wangu mwenyewe, na mimi nitakuwa upande wa tik tik.

Siku ikafika. Baada ya alasiri wanawake wakaingia, buibui baada ya buibui, na harufu ya asumini ikakaa barabarani kama mtu. Sudi alikuwa kwenye daka na gita pajani, Bwana Faraji kando yake, baba kwenye kiti cha ng'ambo akijifanya anapokea salamu. Waya ulipita chini ya mlango. Vugo likaanza ndani. Sudi akainamisha kichwa kusikiliza mapigo ya pembe, akayafuata, na vidole vyake vikaanza kukimbia. Kwetu nje: tik, tik, tiki tiki. Na ndani, ghafla, vigelegele vikapanda mpaka njiwa waliokuwa paani wakaruka. Chini ya vigelegele nilisikia kitu kinanguruma, mbali, kama nyuki aliyefungwa kwenye chupa. Hicho tu.

Sikuweza kukaa. Mama akachungulia kutafuta maji ya waridi, nikamwendea na kumwambia lazima mtu aangalie mashine. Mama akanitazama, akasema, "Ingia basi. U mtoto bado."

Wenzangu wa rika walikuwa pale ukutani, walisikia, na mmoja aliniuliza kama nitaletewa uji. Haikunihusu. Wiki ile ile nilikuwa nimeanza kuwagawia kahawa wanaume kama mtu mzima, na yote hayo ningeyatoa sadaka. Nikavua viatu, nikaingia ukumbi wa kwanza, ule wenye kona ili mpita njia asione ndani. Kwenye kona alikuwa Bi Khadija. Akanishika kidevu, akakigeuza kwenye mwanga.

"Huyu ana kivuli yuu ya mdomo," akasema. "Arudi nde."

Nikarudi. Yule wa uji sikumwangalia.

Sudi alikuwa amelewa na kazi. Vugo likizidi naye anazidi, jasho linamtoka, na mpita njia aliyetazama angeona kijana amepatwa na pepo juu ya ubao usiolia. Kisha ndani pakawa kimya. Pembe zikaendelea kidogo, zikapotea moja moja. Mlango ukagongwa kwa upande wa ndani.

"Limekufa," ilikuwa sauti ya Bi Khadija. "Gita la mwanangu limekufa. Mlete fundi."

Tuliangaliana. Bwana Faraji haingii. Sudi ndiye aliyekatazwa kuliko wote. Nyuma ya mlango nikasikia mama akisema nifunguliwe mimi, Omari, wanawake wajifunike, walio wadogo wapande juu, na mtu mwingine akalalamika kwamba bibi arusi ameshatolewa, atarudishwaje? Atarudishwaje kweli? Bibi arusi akishaketi mbele ya watu haondolewi kama kikapu. Hapo nikaelewa kwamba nikisema neno moja tu, kwamba siwezi kuitengeneza bila kuiona, mlango utafunguliwa. Nitaingia. Nitasikia. Na siku ya Zainabu itakuwa imekatwa katikati.

Bwana Faraji aliniona. Alisema polepole, watu wengine wasisikie, "Kama huwezi kwa kuuliza, sema huwezi. Si aibu."

Nikakaa chini mlangoni, nikaweka mdomo kwenye upenyo.

"Shangazi, ni mimi. Lilikufa ghafla, au liliugua kwanza?"

Halafu nikasikia watu wanacheka.

"Lilikohoa," akasema Bi Khadija. "Kisha likanyamaza."

"Lilipokohoa watu walikuwa wakifanya nini?"

"Walikuwa wakicheza. Wewe ulitaka wafanye nini, wafume?"

"Kwenye mashine pana taa ndogo nyekundu. Inawaka?"

Nyayo zikaenda, zikarudi. "Imezima."

Basi si gita, na si waya wangu, al-hamdulillahi. Taa ikizima, chakula hakifiki. Tatizo liko kwenye betri. Nikamuuliza anasikia harufu gani. Akasema udi, asumini, na biriani. Nikamuuliza kama ni harufu ya kitu kinachoungua. Akasema biriani haijaungua, Mungu atuepushe na midomo ya watoto. Nikamwomba ashuke kwenye betri atazame vile vitwa viwili vya risasi mahali waya zinapoingia. Kitwa, kwetu, ni kichwa.

"Kimoja kina unga mweupe," akasema aliporudi. "Kama sukari ya halua. Na waya wake unacheza ukiugusa."

"Usiuonje."

"Nina umri wa kuonja betri mimi?"

Hapo ndipo nilipoijua raha ya kazi hii, vijana. Nilikuwa naiona ile betri. Sijaingia, mlango umefungwa, na naiona ilivyokaa chini ya kiti, sakafu inatikiswa na miguu ya wanawake, waya unalegea kila wanaporuka, unga ule umejaa katikati. Nikamwambia auvute waya kwenye kile kitwa kibaya, aukwaruze mpaka shaba ing'ae. Akauliza aukwaruze kwa kitu gani. Nikasema kwa chochote chenye meno. Akasema ipo mbuzi ya kukunia nazi. Nikamwambia hiyo hiyo, na kitwa chenyewe akikwangue, akunje kitambaa kidogo aushindilie waya usicheze, ila chuma kisiguse vitwa viwili kwa mara moja.

"Kikigusa?"

"Kitatoa cheche."

Nikamsikia akiwaambia wenzake wasogee wote, maana Omari anataka kumuua shangaziye. Tukangoja. Baba alikuwa ameacha kupokea salamu. Mikwaruzo ya mbuzi haikutufikia, lakini mimi niliisikia tu, kwenye meno yangu. Mbuzi ile, nasikia, haikukuna nazi tena. Bi Khadija alimnyima kila mtu.

"Taa imewaka," akasema mlangoni, akihema. "Mwambie apige."

Sikuhitaji kumwambia. Sudi aliushusha mkono juu ya nyuzi zote, nasi nje tukasikia tik moja, na ndani pakalipuka vigelegele na pembe na miguu mpaka mlango ukatetemeka mgongoni mwangu. Mama akasema nyuma ya mlango kwamba huyu sasa aachwe aingie aione kazi yake, masikini. Nikasimama. Nilikuwa nimeshavua kiatu kimoja.

"Haingii," akasema Bi Khadija. "Mtoto huulizwa. Huyu amenihoji mimi mpaka nimetaja biriani. Mwenye kuhoji watu namna hiyo ni mwanamume, akae na wanaume wenzake."

Na kufuli ya mti ikaingia pahali pake.

Nilirudi dakani nikiwa mwanamume, na sikuwa na furaha nayo hata kidogo. Wenzangu wa ukutani walininyamazia kwa heshima, ningependelea uji. Bwana Faraji hakunisifu, si tabia yake, alinisogezea tu nafasi nikae. Sudi alikuwa akiendelea, lakini alikuwa akinitazama. Alijua. Tangu siku ya foronya alijua.

"Ndoo," akaniambia, yaani njoo, mkono haujasimama. "Tia sikio hapa. Kwenye mti."

Nikamtazama kama ananicheza shere. Akanionyesha kwa kidevu, ile pembe ya gita iliyochongoka juu. Nikapiga magoti mbele yake, watu wote wanaona, nikalaza sikio.

Haikuwa tik tik. Mti ule uliokuwa umeziba ulikuwa umejaa. Sauti ziliingia kwa mfupa wa shavu, zikashuka mpaka kooni, nene, ndefu, na Sudi akivuta uzi nilihisi inavutwa ndani ya taya langu. Kile cha tatu kwenye sahani ya Koplo kilikuwa humu. Nilifumba macho. Ndani walikuwa na mlio wake, mimi nilikuwa na mahali unapotoka, na sijui mpaka leo nani alipata zaidi. Sijui nilikaa muda gani. Nilipofumbua niliona miguu ya baba mbele yangu.

"Unasikia nini?" akauliza.

Nikasogea kidogo, nikamwonyesha upande wa pili wa gita, chini, karibu na nyuzi.

Baba aliangalia barabara juu na chini. Aliwaangalia wale wa ukutani, wakaanza kuangalia njiwa. Akakunja kanzu, akashuka taratibu kwa magoti yake yenye baridi yabisi, mchonga milango wa mji mzima, akalaza sikio lake juu ya gita la kijana aliyemkataza kuingia nyumbani kwake. Uso wake ulikuwa shubiri moja kutoka wangu. Niliona nyusi zinapanda, zinashuka, zinapanda tena. Mkono wake ukaja wenyewe ukaugonga mti, polepole, na akasikiliza alichojibiwa. Kofia yake ilikuwa imelala juu ya nyuzi, na Sudi, vichwa viwili mapajani mwake, alipiga hivyo hivyo kwa uzi aliopata.

Ndani pembe zikayumba. Mlango ukagongwa kwa hasira.

"Fundi!" ilikuwa Bi Khadija. "Limeziba tena. Linalia kama limetiwa chini ya mto. Lina nini?"

Nikafungua kinywa kuanza kumuuliza. Baba aliinua kiganja kuninyamazisha, na hakukitoa kichwa chake.

"Halina kitu, dada," akasema. "Ni mimi. Nasikiza."